Lami imefika, mwanafunzi bado anatembea

Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, kilometa 66 hivi za kushuka kutoka milima ya Wamatengo hadi Ziwa Nyasa, mtu wa ufukweni anaweza kwenda Songea, akamaliza shida zake na kurudi siku hiyohiyo. Mwanafunzi wa sekondari ya kata hajaonja nafuu hiyo. Basi la alfajiri hufuata mwenye gunia la dagaa, si kengele ya shule, na konda akiona sare hutazama pembeni, maana nauli ya mwanafunzi haimlipi. (Simlaumu sana, jioni tajiri anamsubiri na hesabu yake.) Basi watoto wanatembea, masika viatu mkononi, dumu la maji mkono wa pili, fagio kwapani. Wengine hupangishiwa vyumba karibu na shule, na mzazi wa binti hukubali huku roho ikimdunda. Kila kikao hutaja mabweni. Yajengwe, lakini bweni huchukua miaka, na kosta zinapita leo. LATRA ndiyo inayotoa leseni za njia na kupanga nauli. Sioni kwa nini leseni ya njia hii isibebe sharti la saa: kupita shuleni kabla ya saa 1:30 asubuhi na kurudi baada ya saa 9 alasiri, halmashauri za Mbinga na Nyasa zikifidia pengo la nauli, hata kwa sehemu ya ushuru wa kahawa. Vijiji vilivyo mbali na lami vianze na baiskeli.