Ngozi Isiyosikia Wala Kutoka Jasho

Juma hili tuzungumze juu ya ngozi. Kiswahili chetu kimefanya vema kutumia neno moja: kwa masikio twasikia sauti, na kwa ngozi twasikia baridi, twasikia joto, twasikia maumivu. Mtu akitia mkono ndani ya kapu gizani, vidole vyake humwambia mara moja kama ameshika hindi au panya. Macho hayakusaidia kitu.

Vidole vyajuaje? Ndani ya ngozi mna vipokezi vingi sana, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, na kila kimoja kina kazi yake. Vingine huamka ngozi ikiguswa kidogo tu, kama nzi anapotua. Vingine huamka ikikandamizwa, vingine ikitikiswatikiswa, kama ardhi inavyotetemeka lori la mkonge linapopita. Tena ziko ncha tupu za mishipa ya fahamu, na hizo ndizo zinazoleta habari za moto, za baridi na za maumivu. Habari hizo hukimbia katika mishipa ya fahamu, zikapita uti wa mgongo, zikafika ubongoni upesi.

Lakini vipokezi havikugawanywa sawasawa. Jaribuni nyumbani jioni hii. Mwambie mwenzako afumbe macho, umguse ncha ya kidole kwa njiti mbili za kibiriti zilizoachana nafasi ndogo, kama nusu ya upana wa ukucha wa kidole kidogo. Atasema ni mbili. Sasa mguse mgongoni kwa njiti hizo hizo zikiwa zimeachana hata upana wa vidole viwili. Wengi watasema ni moja. Watoto hupenda sana mchezo huu, na wazee huona haya kushindwa.

Mwaka 2021 wataalamu wawili wa Marekani, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya mambo haya. Patapoutian alionyesha namna mkandamizo unavyogeuka kuwa habari katika mshipa wa fahamu. Julius naye alitumia pilipili. Aligundua kwamba katika ncha za mishipa ya fahamu mna kijilango kinachofunguka joto likipita nyuzi 43 za Sentigredi hivi, na kijilango hicho hicho hufunguliwa na ukali wa pilipili. Basi mama aliyekatakata pilipili kisha akajifuta jicho, akalia kwamba anaungua, hakusema uongo. Mshipa wake umeleta habari ya moto kweli, ingawa moto haupo.

Sasa tuje kwenye jasho. Mwili wa mtu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Kila moja ni kijimfereji kilichojiviringa chini ya ngozi, nacho huchota maji na chumvi kidogo na kuyapandisha juu. Mtu anayefanya kazi nzito juani aweza kutoka jasho lita nzima kwa saa moja. Mwenye kukata mkonge Ngombezi, na mama anayepalilia mahindi huko Sindeni, wanalijua jambo hili bila kupima. Kazi ya jasho ni ile ile ya mtungi wa udongo: maji hupenya kidogo kidogo, hukauka kwa nje, na yanapokauka huchukua joto, ndipo ya ndani hubaki baridi. Kwa hiyo jasho linalopooza mwili ni lile linalokauka, wala si lile linalodondoka. Ndiyo sababu siku ya mawingu mazito isiyo na upepo, katika bonde la Mto Pangani, mtu huloa shati lote asipate nafuu. Viganja na nyayo zina desturi yao: hutoka jasho kwa hofu zaidi kuliko kwa joto. Muulize kijana aliyekwenda kuposa.

Tezi hizo hazifanyi kazi kwa kujiamulia. Hungoja amri, na amri yenyewe hupita katika mishipa ya fahamu. Nyuzi zinazopeleka habari za mguso ubongoni, na nyuzi zinazoleta amri ya jasho ngozini, husafiri pamoja katika mshipa mmoja, kama abiria wa kwenda na wa kurudi katika barabara moja ya Handeni na Korogwe. Daraja likivunjika, wote hukwama. Hapa ndipo ninapotaka baba na mama wa kila nyumba wasikilize, maana uko ugonjwa mmoja unaovunja daraja hilo polepole, nao ni ukoma.

Kijidudu cha ukoma kiligunduliwa na daktari Hansen wa Norway mwaka 1873. Hukua polepole mno, hata mtu aweza kukaa nacho miaka 5, na wengine miaka 20, kabla ya dalili kuonekana. Hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, kama masikio, pua, mikono na miguu, nacho huingia hasa katika mishipa ya fahamu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka lililopauka au jekundu kidogo. Haliwashi, wala haliumi, na kwa sababu hiyo watu hulidharau. Choa huwasha na mtu hukimbilia dawa. Baka hili humwacha mtu astarehe. Mtazame arudipo shambani mchana: mgongo wote unang'aa kwa jasho, na baka ni kavu kama kigae. Mama anayemwogesha mtoto aweza kuliona kabla ya mganga yeyote.

Mkiliona, chukueni uzi wa pamba, mtoto afumbe macho, mguseni sasa nje ya baka, sasa ndani yake, naye aonyeshe kwa kidole pale alipoguswa. Msitumie sindano. Akikosa kuonyesha palipo na baka, mpelekeni zahanati, msingoje mavuno. Na hata akionyesha vizuri, baka lisilopona lapaswa kuonwa na mganga, kwa maana uko ukoma mwingine unaoanza kwa vinundu masikioni au kwa ganzi ya mikono na miguu bila baka lisilosikia.

Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Hiyo ni habari njema, ila imeleta usahaulifu. Wagonjwa wapya wangali wakipatikana nchini kila mwaka, na wengine hufika hospitalini vidole vimekwisha kupinda, baada ya kuzunguka kwa waganga wa ramli wakitafuta nani amewaroga. Hakuna aliyewaroga. Ukoma haurithiwi, huambukizwa kwa hewa, kwa kukaa karibu muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, na watu wengi kabisa hawaupati hata wakikaa naye.

Padre Damien, Mbelgiji, alifika Molokai katika visiwa vya Hawaii mwaka 1873, kuwatunza wagonjwa wa ukoma waliotengwa huko. Desemba 1884 alitia miguu katika maji ya moto mno; ngozi ikababuka, naye hakusikia kitu. Hapo alijua. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, akatangazwa Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Siku zake hapakuwa na dawa ya kumponya. Leo dawa ipo, hutolewa bila malipo, nayo hunywewa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya ugonjwa. Mkojo ukiwa mwekundu, au ngozi ikiwa nyeusi zaidi, msiogope wala msiache dawa. Muda mfupi baada ya kuanza kuinywa, mgonjwa haambukizi tena, basi asitengewe sahani wala kitanda. Ila mshipa uliokwisha kufa haufufuki kwa dawa hiyo. Hapo ndipo ilipo tofauti ya kwenda mapema na kwenda umechelewa.

Ikiwa nyumbani mwenu yuko babu au bibi aliyepona zamani, lakini mikono na miguu yake haisikii, ngozi hiyo hukosa jasho, nayo hukauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Kila siku aloweke miguu na mikono katika maji ya baridi kama nusu saa, kisha apake mafuta papo hapo kabla maji hayajakauka, hata ya nazi au ya alizeti yafaa. Asiepue sufuria bila kitambaa kinene, wala asiote moto kwa kusogeza miguu. Na jioni mjukuu mwenye macho mazuri ashike taa, amtazame nyayo zote mbili na katikati ya vidole, kama mwiba umeingia mchana bila yeye kujua.