Abiria si mizigo: gari isitoke parkingi bila gurudumu la akiba



Mmoja wetu alipanda taksi hapa Butembo kwenda Beni. Ni safari ya kilometa 50 na kidogo. Abiria walikuwa sita: wawili mbele, wane nyuma. Saa kumi na moja ya jioni, kwenye milima ya Kabasha, mpira wa nyuma ukatoboka. Shofere akafungua kofre. Ndani kulikuwa madumu ya mafuta, mifuko ya unga na kuku wawili. Gurudumu la akiba, lile tunaita sekuru, hakuna. Kriki hakuna. Akakata majani, akayapanga barabarani. Akasimamisha lori, akaomba kriki, akafungua gurudumu na kupanda nalo piki kwenda kutafuta kwado. Abiria wakabaki kando ya njia, kati yao mama mwenyi mtoto mgongoni. Shofere alirudi saa mbili ya usiku.

Mtu asiyeishi kwetu atasema: walipoteza masaa matatu, basi. Siye wa Beni na Lubero tunajua ni kitu gani kukaa barabarani giza likiingia. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa Beni, na tumezika wengi ambao walikuwa safarini tu. Kwenye njia ambako magari yanatembea kwa msafara na kusindikizwa na waaskari, gari moja ikisimama, ama wote wanangojea, ama hiyo moja inabaki nyuma. Kwetu gurudumu la akiba si pambo la gari. Ni roho ya mtu.

Juu ya nini halimo? Tuliuliza washofere parkingi. Mmoja alisema kofre ni ya mizigo, na mizigo njo inaleta makuta kidogo juu ya ile anayopeleka kwa mwenyi gari kila jioni. Mwingine alisema la akiba alishalifunga wakati la mbele liliisha, na hakununua lingine. Wa tatu alikuwa nalo, lakini halina upepo hata kidogo. Tunawaelewa, maisha ni magumu. Lakini abiria amelipa ili afike. Hakulipa ili alale Kabasha.

Kuko tena jambo la kushangaza. Njiani gari inasimamishwa mara ngapi? Wanauliza karatasi, wanauliza tena karatasi, halafu munajua kinachofuata. Nani amekwisha kusikia mtu anasema: « Fungua kofre, nione kriki »? Kongo iko na sheria ya barabara, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Sheria ile iliandikwa kwa kulinda watu, si kwa kutafutia mtu chakula cha siku.

Wengine watatujibu: mutengeneze barabara kwanza, mipira haitatoboka. Ni kweli, mashimo iko na mwenyi kuulizwa. FONER iliundwa mwaka 2008 kwa kukusanya makuta ya kutunza barabara, na tunalipa peaji. Tutaendelea kuuliza makuta hiyo inafanya nini. Lakini shimo la serikali haiondoe deni la mwenyi gari.

Basi, gari ya abiria iwe na nini? Gurudumu la akiba lenye upepo, lipimwe angalau kila mwezi. Kriki inayoweza kubeba uzito wa gari ile. Kle inayoingia kwenye mabulo ya gari ile, si ya gari ya jirani. Kipande cha ubao cha kuweka chini ya kriki, kwa maana kwenye matope yetu inazama. Tochi, na triangle ya kuonya wengine. Kama mpira ni wa okazyo, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu wake: 2312 maana yake ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2012. Mpira wa namna hiyo unaweza kuonekana muzima na umekwisha kuzeeka.

Na kazi yenyewe inataka utaratibu. Simamisha gari mahali tambarare, mbali na kona. Teremsha abiria wote, wasimame nje ya njia. Vuta freni ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu mengine. Legeza mabulo kidogo gurudumu likiwa bado chini, halafu njo unyanyue. Usiingie chini ya gari inayobebwa na kriki peke yake. Ukirudisha gurudumu, kaza mabulo kwa kuvukisha, moja la huku na moja la upande wa pili. Gari ikiteremka, kaza tena kwa nguvu, na baada ya kilometa 50 angalia tena. Na tafadhali, ondoa mawe na majani yako barabarani! Mwenyi piki anayekuja usiku hayaone.

Kwa hiyo tunadai:

1. Wenyi magari wanunue vifaa hivi wao wenyewe, wasivikate kwenye makuta ya shofere.

2. Mashirika ya washofere wakague kila gari mbele ya kuipa zamu. Isiyo na gurudumu la akiba isipakie.

3. Wenyi kusimamia usalama wa barabara wakague vifaa, si karatasi tu, na wafanye hivyo parkingi, mbele ya gari kutoka, bila kuomba hata franga moja.

Na wewe abiria, uko na nguvu kuliko unavyofikiri. Mbele ya kulipa, sema kwa heshima: « Papa shofere, tuonyeshe sekuru. » Ukisema peke yako, watakucheka. Mukisema wote sita, atafungua kofre. Kama halimo, shukeni, mupande ingine. Shofere akikosa abiria mara mbili, gurudumu atalipata.

Hatuwezi kungoja kila kitu kutoka Kinshasa. Hiki kinaanzia parkingi, kesho asubuhi.

Imeandikwa Butembo, na vijana wanainchi