Ungo Haupai

Nguvu ya kupinga mvutano wa dunia, kama ingekuwepo, ingefuta uzito wa kitu kikaelea bila kushikiliwa na chochote. Hakuna aliyewahi kuipata. Hata hivyo, katika vijiji vya wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nchini Tanzania, wako wengi wanaoamini kwamba kikongwe huketi juu ya ungo usiku akapaa hadi kijiji cha mbali. Imani hiyo ni uongo, na ni uongo unaoua.

Dunia humvuta mtu wa kilo 60 kwa nguvu ya nyutoni 590 hivi, usiku na mchana. Kinachopaa hakifuti mvutano huo. Huushinda kwa nguvu nyingine. Tai husukuma hewa kwa mbawa. Puto za watalii wa Serengeti huinuliwa na hewa baridi inayozizunguka, iliyo nzito kuliko hewa ya moto iliyomo ndani. Kiwandani, pamba hupanda bombani kwa kufyonzwa na feni. Feni ikizimwa, pamba huanguka. Hata wanaanga walio kilomita 400 juu bado wanavutwa kwa takriban asilimia 90 ya nguvu iliyopo ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja kuizunguka dunia. Mwaka 2023, wanasayansi wa maabara ya fizikia ya CERN walitangaza matokeo ya jaribio la kuziachilia atomu za antihaidrojeni, aina ya maada kinyume, waone zitaelekea wapi. Nazo zilianguka chini.

Ungo hauna mbawa, moto wala feni. Mtama unapopepetwa, makapi huenda na upepo na punje nzito hurudi ungoni. Kama upepo haubebi punje, hauwezi kumbeba mtu.

Watetezi wa imani hii husema uchawi haupimwi kwa sayansi. Lakini tuhuma zao husimama juu ya vitu vinavyoonekana: ungo uliokutwa uani na macho mekundu. Ungo upo karibu kila nyumba ya mkulima. Macho mekundu huletwa na moshi wa kuni, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe, ambao mwanamke huuvuta jikoni maisha yake yote. Kwa ishara hizo, vikongwe wa Usukumani, nchi ya Wasukuma yenye vijiji hivyo, wamekatwa mapanga kwa miongo mingi.

Mikutano ya vijiji, walinzi wa jadi wa sungusungu na viongozi wa dini wana wajibu wa kukataa hadharani ushahidi wa ungo, na kumpeleka polisi yeyote anayechochea watu dhidi ya bibi asiye na kosa.