Mwalimu na mchuuzi nao watuliwe mzigo

UKISIMAMA asubuhi pale Mugina, kwenye mpaka wa Burundi na Tanzania, utasikia neno moja likirudiwa: nitwike. Mwenye debe la mawese hawezi kujitwika mwenyewe. Humwita yeyote aliye karibu, hata asiyemjua, naye huacha shughuli yake akamsaidia. Akifika aendako husema tena: nitue. Hakuna anayemcheka, wala anayemjibu kwamba wengine nao wamebeba.

Ndugu msomaji, nimejiuliza mara nyingi kwa nini adabu hii haifiki kwenye mzigo usioonekana, ule ambao mtu huubeba ndani ya kichwa akiwa kazini.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mpanda, wazazi wangu wakiwa miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Niliporejea mwaka 2009 nilikuta shamba la baba likilimwa na familia nyingine, tukaligawana baada ya vikao vingi. Kazini niliitwa "Mtanzania", na mikutano ya walimu iliendeshwa kwa Kifaransa ambacho sikukijua vizuri. Nikawa nanyamaza. Wenzangu wakadhani mimi ni mpole.

Mwaka 2013 ukaanza mfumo wa shule ya msingi ya miaka tisa, na masomo yakaunganishwa katika makundi. Nikakabidhiwa lugha zote katika madarasa ya juu: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, mbele ya watoto zaidi ya 80. Nilikuwa nikitayarisha somo la Kifaransa hadi saa saba za usiku, nikiogopa kwamba kesho mtoto atanisahihisha. Usingizi ukapotea. Nikaanza kuwachapa wanafunzi kwa makosa ambayo kwa kweli yalikuwa yangu. Jioni nilipitia pombe ya ndizi kabla ya kufika nyumbani, na mke wangu akaacha kuniuliza habari za kazi.

Nilipomweleza mkuu wangu wa wakati ule, alijibu kwamba kila mtu amechoka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Simlaumu sana, maana hata yeye hakuna aliyewahi kumuuliza hali yake.

Asubuhi moja ya mwaka 2018 nilishika chaki niandike tarehe ubaoni, mkono ukagoma. Nilitoka darasani nikatembea hadi barabara ya mpakani bila kujua niendako. Mama mmoja muuza mawese, tuliyekulia naye kijiji kimoja huko Katumba, aliniona. "Mwalimu, mbona huna hata daftari? Hebu kaa hapa kwanza." Hakuuliza zaidi. Alinipa chai, akaendelea na wateja wake. Nilikaa nyuma ya madebe hadi karibu saa sita, na polepole nikasema yote.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Si wewe uliyeharibika, mwalimu. Mzigo wako umefungwa vibaya. Debe likiegemea upande mmoja, shingo huuma hata kwa mwenye nguvu. Huko shuleni hakuna hata mwenzako mmoja wa kukusaidia kuufunga upya?"

Alikuwepo. Mwalimu mwenzangu wa darasa la pili yake alisoma Bujumbura, Kifaransa anakimwaga kama maji, lakini Kiswahili kilikuwa kikimtoa jasho. Tulikwenda pamoja kwa mkuu mpya wa shule. Aliichukua ratiba, akabadilisha vipindi: yeye Kifaransa cha madarasa yote mawili, mimi Kiswahili na Kiingereza. Kazi hiyo ilichukua nusu saa na haikugharimu hata faranga moja. Sikupona siku hiyo, lakini baada ya wiki kadhaa usingizi ulirudi, na fimbo nikaiacha ofisini.

Hili ndilo ninalotaka kulisema. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka uchovu wa aina hii katika orodha yake, si kama ugonjwa, bali kama hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa kumwambia mtu avumilie tu. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba dunia hupoteza siku bilioni 12 za kazi kila mwaka kutokana na sonona na wasiwasi.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wenye ofisi, sisi tuliotoka ukimbizini tumezoea shida. Ni kweli, uvumilivu ndio uliowavusha wazazi wetu. Lakini uvumilivu wa njiani una mwisho, maana msafiri anajua kwamba atafika. Kazi haina kufika. Kesho kengele italia tena.

Na wachuuzi je, wasio na mkuu wala ratiba? Wengi hupita njia za panya usiku, roho mkononi, kwa hofu ya kunyang'anywa mali. Wengine hawajui kwamba katika Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu rahisi wa cheti cha asili ya bidhaa, kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Ukaguzi mwingine unabaki, lakini kujua haki yako kunapunguza hofu, na hofu ndiyo inayokula usingizi. Vikundi vya kuweka na kukopa vifundishane jambo hili. Na kabla ya sanduku kufunguliwa, kila mwanachama aulizwe: umelalaje wiki hii?

Kwa wakuu wa shule nina ombi moja. Mwanzoni mwa kila muhula muulizeni kila mwalimu ni kipindi gani kinachomwelemea, kisha muitazame upya ratiba. Anayejibu asionekane mvivu.

Yapo, hata hivyo, ambayo chai na ratiba haviwezi. Mwenzako akianza kusema maisha hayana maana, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akikosa usingizi kwa wiki nyingi, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya, naye akihitaji zaidi ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, Bujumbura. Kwenda huko si aibu, wala si ushahidi kwamba mtu amerogwa.

Yule mama bado anauza mawese. Kila nikipita huniuliza swali lile lile, "Mwalimu, shingo inaumaje?" Siku nyingine huwa ninamjibu kwamba inauma. Kisha namuuliza na yeye.