Bunduki ndogo shambani: Ya kukoki kwa mkono yatosha

WAKULIMA wenye uwezo wa kumiliki silaha kwa mujibu wa sheria wamekuwa wakiulizana ni bunduki ipi ndogo inayofaa kulinda shamba na banda la kuku. Wengi wao wakishaona katalogi za nje, huvutiwa na ile inayojikoki yenyewe, yenye magazini ya risasi kumi na darubini juu. Uchaguzi huo unaeleweka, lakini kwa sehemu kubwa ni wa kupoteza fedha.

Huko Marekani na Australia, bunduki ya pointi 22 ni chombo cha kazi shambani kama ilivyo panga au pampu ya dawa. Risasi yake iliyozoeleka zaidi, inayoitwa Long Rifle, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Kiwashio cha baruti kimo kwenye ukingo wa kitako cha ganda, ndiyo maana ganda likishatumika hutupwa, halijazwi upya. Bunduki yenyewe haina teke la kuumiza bega, kelele yake ni ndogo na risasi zake kwa kawaida ni rahisi kuliko nyingine zote. Ingawa urahisi huo nao huweza kutoweka: mwaka 2013 Wamarekani walizinunua kwa pupa kiasi kwamba maduka mengi yalikaa miezi bila kuwa nazo.

Urahisi huo ndio uliowafanya watu wa huko waitumie pia kwa kujifurahisha siku za mapumziko, wakipanga makopo matupu na kuyalenga. Wapo wanaouona huo kuwa utoto. Si utoto. Mkulima asiyeweza kupiga kopo mara kumi mfululizo katika mita 40 hana sababu ya kumlenga nguchiro aliyebeba kifaranga, kwani atamjeruhi tu, na mnyama huyo atakwenda kufia kichakani kwa mateso.

Kwa upande wa aina, bunduki za kujikoki zinazosifiwa zaidi ni Ruger 10/22, iliyoingia sokoni mwaka 1964, na Marlin Model 60, iliyoanza mwaka 1960 na kuuzwa kwa mamilioni. Ni bunduki nzuri na hakuna haja ya kuzikashifu. Kwa upande wa pili zipo za kukoki kwa mkono, na hapo jina linaloheshimiwa kuliko mengi ni CZ, kutoka mji wa Uherský Brod katika Jamhuri ya Czech. Wenye CZ 452 za zamani hawaziuzi hovyo, japokuwa kiwanda kimekwisha kuleta CZ 457 tangu mwaka 2019.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili si ya usahihi peke yake. Ya kujikoki huchagua sana risasi: ukiipa risasi za mwendo mdogo, zile zisizo na mlio mkubwa, mara nyingi hukwama kwa sababu hazina nguvu ya kurudisha mtambo nyuma. Ya kukoki kwa mkono hula kila risasi. Husafishwa kwa kitambaa na mafuta kidogo, na mwenyewe akiivuta nyuma kitasa chake anaona kwa macho kama chemba ina risasi au haina. Katika nyumba yenye watoto, hilo la mwisho lina uzito kuliko sifa zote za katalogi.

Zaidi ya hayo, ya kukoki kwa mkono humfundisha mtu kupiga risasi moja na kuisubiri. Mwenye risasi kumi zinazojikoki hufyatua ya pili kabla hajajua ya kwanza imekwenda wapi. Risasi ya pointi 22 ikikosa husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe au maji huruka kwenda kusikojulikana. Ranchi ya Australia huweza kuwa na maelfu ya hekta, na jirani hayupo karibu. Shamba la heka tatu Kilombero au Babati limezungukwa na njia za watoto waendao shule na akina mama wanaotoka kisimani. Hapo hapapigwi risasi pasipo kichuguu au tuta la udongo nyuma ya shabaha, na kamwe hapapigwi kuelekea juu ya mti.

Australia inatoa mfano mzuri kwa jambo hili. Baada ya mtu mmoja kuua watu 35 kwa bunduki za kujikoki huko Port Arthur mwezi Aprili 1996, serikali na majimbo walikubaliana kuziondoa mikononi mwa raia wa kawaida, zikiwamo hata za pointi 22. Mkulima aliachiwa nafasi ya kuomba kibali maalum, na ile ya kukoki kwa mkono ikabaki katika daraja la chini la masharti. Kilimo hakikuanguka. New Zealand, baada ya mauaji ya Christchurch ya mwaka 2019, iliamua tofauti kidogo kwa kuziacha pointi 22 za kujikoki zenye magazini isiyozidi risasi kumi, kwa hiyo wanaozitetea nao wana pa kushika. Lakini hoja hapa si kwamba zipigwe marufuku, bali ni kwamba kazi ya shambani haizihitaji.

Australia hiyo hiyo ina funzo jingine ambalo wauzaji wa bunduki hawalitaji. Mwaka 1859 Thomas Austin alifungulia sungura 24 katika shamba lake la Barwon Park, Victoria, apate wa kuwinda. Wakazaana na kulifunika bara. Watu walipiga bunduki, wakatega mitego, wakatia sumu, na huko magharibi wakajenga uzio wa zaidi ya kilomita 1,800 uliokamilika mwaka 1907. Sungura walipita. Kilichowapunguza kwa kiwango cha kuonekana ni ugonjwa wa miksomatosi ulioachiliwa mwaka 1950, kisha virusi vingine vilivyoponyoka kisiwani vilikofanyiwa majaribio mwaka 1995, pamoja na kuyavunja mashimo yao kwa trekta. Bunduki ilisaidia kumalizia wachache waliobaki.

Wakulima wa Tanzania wana mfano wa karibu zaidi. Panya shamba jike huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Ndege aina ya kwelea kwelea hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, maana yake ni kwamba kundi la ndege milioni moja hula tani 10. Hakuna mwenye pointi 22 atakayepunguza hesabu hiyo. Panya wanataka ghala lililoinuliwa na shamba lililofyekwa kingo zake, na kwelea wanataka taarifa mapema kwa maofisa wa kilimo ili mazalia yashughulikiwe.

Nguruwe pori ndiye mharibifu anayewaponza wengi. Kumpiga kwa pointi 22 ni ukatili na ni hatari, kwa sababu nguruwe aliyejeruhiwa humgeukia mtu. Hata risasi mpya ya pointi 17 HMR iliyoanza mwaka 2002, ambayo huruka kwa zaidi ya mita 770 kwa sekunde na kufika mita 150 kwa usahihi, ina kichwa cha gramu 1.1 tu. Hiyo ni ya wanyama wadogo, basi.

Inayobaki kwa bunduki ndogo, kwa hiyo, ni kazi ndogo: kicheche aliyezoea banda, nguchiro, kunguru wachache. Na kabla ya hata hao, wanyamapori Tanzania wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na silaha yenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki bunduki kihalali si ruhusa ya kuua mnyama yeyote anayeingia shambani. Ofisa wanyamapori wa wilaya aulizwe kwanza, si baada ya mzoga kuonekana.

Mzoga nao usiachwe porini. Risasi za pointi 22 nyingi ni za madini ya risi tupu, laini, ambayo huacha vipande ndani ya nyama. Tai na mwewe wakila, hudhurika. Jimbo la California lilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019 ili kumnusuru ndege aina ya kondori. Shimo la futi mbili na koleo vinatosha.