Mbwa wa kuokotwa naye huliliwa

Mfanyabiashara akimlilia mbwa aliyemwokota jalalani, soko zima humcheka. Kuanzia Kiyeyi hadi Malaba na Busia, mwenye kibanda aliyefiwa na mbwa huambiwa atafute mwingine. Lakini aliyelindiwa magunia yake ya mahindi usiku kucha anajua alichopoteza.

Kicheko hicho si haki. Mei 2005, jijini Nairobi, mbwa jike asiye na mwenyewe alimkuta mtoto mchanga aliyetupwa msituni Ngong. Alimbeba, akavuka naye barabara, akamlaza kando ya kitoto chake. Mtoto aliokolewa. Shirika la kutetea wanyama, KSPCA, lilimtunza mbwa huyo, naye akaitwa Mkombozi. Hadi siku hiyo alikuwa mbwa koko tu.

Hata hivyo, machozi pekee hayatoshi. Kichaa cha mbwa hakiulizwi pasipoti mpakani. Mbwa anayelala Uganda huvuka kutafuta chakula Kenya. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukome, na lengo la dunia ni kumaliza vifo vya watu ifikapo 2030. Kuchanja upande mmoja ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo zipange chanjo kwa wakati mmoja. Na mwenye kibanda akiokota mbwa mwingine, amchanje kwanza, ndipo amkabidhi lindo la marehemu.