Orodha ya Uhuru

Katika sherehe ya kutoa zawadi ya shule moja ambayo sina haja ya kuitaja, msichana wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Leparua katika kaunti ya Isiolo, alisimama mbele ya wazee akauliza swali. Alikuwa amesoma ya kuwa picha na vipimo vya darubini zilizotumwa angani vimewekwa mahali ambapo mtu ye yote aweza kuvitafuta, naye akataka kujua afanyeje ili avitafute. Mgeni wa heshima alicheka. "Binti yangu," akamjibu, "hayo ni mambo ya watu walioshiba. Kwenu Leparua mnatafuta maji, hamtafuti nyota." Watu wakapiga makofi. Msichana akasema, "Ahsante, mheshimiwa," akaketi. Mimi nilikuwa katika safu ya pili, na mikono yangu nayo ilipiga makofi kabla ya akili yangu kuizuia. Insha hii ni deni nililolipata siku ile.

Jibu la mgeni lilikuwa tamu masikioni, lakini halikuwa na neno moja la kweli ndani yake. Tuanze na hilo la kusema kwamba darubini za angani ni mambo ya wengine. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama katika maji ya bahari karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi ile ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Mionzi hiyo haifiki ardhini, kwa kuwa hewa inayotuzunguka huimeza yote. Atakaye kuiona hana budi kupeleka chombo chake juu ya hewa. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa lilikuwa la Waitalia, na bahari ilikuwa ya Kenya. Wala hawakuja Ngomeni kwa ajili ya upepo mzuri. Walikuja kwa sababu karibu na Ikweta mwendo wa dunia inapojizungusha huisukuma roketi ielekeayo mashariki, na setilaiti izungukayo juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe kali zilizonaswa na sumaku ya dunia, ambazo zingevuruga vipimo vyake. Kwa heshima ya siku ile na ya nchi iliyowapokea, waliipa setilaiti yao jina la Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi, 1973. Kabla yake, vyanzo vya eksirei vilivyojulikana angani vilikuwa makumi machache tu. Katika kundi la nyota la Kantarusi, Uhuru iliona chanzo kinachopiga kama moyo, pigo moja kila baada ya sekunde 4.8, kisha kikafichika na kutokea tena kila baada ya siku 2 na kitu. Ikafahamika kuwa hapo pana nyota mbili zizungukanazo, na moja huikinga nyingine. Katika kundi la Dajaja iliona chanzo kilichometameta upesi kupita kiasi, ambacho wataalamu, baada ya mabishano marefu, walikubali kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya nne ya setilaiti hiyo, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339.

Sasa msomaji na aangalie jinsi orodha hiyo ilivyoandikwa, maana hapo ndipo ninapopataka. Chanzo cha Dajaja kimeandikwa 4U 1956+35. Tarakimu 4 ni ya orodha ya nne. Herufi U ni ya Uhuru. Zinazofuata ni anwani: 1956 ni saa 19 na dakika 56 katika duara la anga, ambalo wanajimu hulipima kwa saa 24, na +35 ni digrii 35 kaskazini ya Ikweta ya anga. Mwenye kujua jina amejua mahali. Majina haya hayajafa. Mpaka leo mtaalamu wa Tokyo au wa Cambridge akitaka kuandika habari za nyota hizo huandika 4U, na kila aandikapo huandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, ajue asijue. Herufi hiyo imezunguka katika vyuo vya dunia zaidi ya miaka 40, na binti wa Leparua anaambiwa kwamba si yake.

Hapa nina ugomvi vile vile na watu wa upande wangu. Wako wengi waijuao habari ya Ngomeni, nao hawachoki kuisimulia kila sikukuu ya Jamhuri: setilaiti ilirushwa kwetu, jina ni letu, bahari ni yetu. Ni kweli. Lakini ukiwauliza Uhuru iliona nini, wananyamaza; na ukiwauliza kama wamepata kuifungua orodha yake, wanakutazama kama umewauliza habari za jirani. Tumekuwa kama mtu ajivuniaye kitabu kwa sababu kilipigwa chapa uani kwake, na miaka zaidi ya 50 imepita hajafunua jalada. Fahari ya namna hii ni ya bure, nami naichukia kuliko dharau ya mgeni wetu, kwa kuwa mgeni alikuwa hajui.

Na orodha haikufungiwa. Imo katika hifadhi ya kumbukumbu za eksirei na mionzi mikali inayotunzwa na Wamarekani huko Goddard, katika jimbo la Maryland, pamoja na kumbukumbu za ndugu zake waliorushwa kutoka jukwaa lile lile la San Marco: SAS-2 ya mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza ya mwaka 1974, na SAS-3 ya mwaka 1975. Mjini Baltimore iko hifadhi nyingine, iitwayo kwa jina la Mikulski, iliyo na picha za darubini ya Hubble iliyorushwa mwaka 1990, na za James Webb iliyorushwa mwaka 2021. (Huko Leparua neno hifadhi humaanisha ardhi ya wanyama, na hilo si kosa, hii nayo ni ardhi ya malisho, tofauti ni kwamba haina ua.) Mlangoni hawaulizi fedha, wala shahada, wala kabila. Mtaalamu aliyeomba darubini ielekezwe mahali fulani hupewa muda wa kuvitumia vipimo vyake peke yake, ambao kwa kawaida hauzidi mwaka mmoja. Ukiisha, vipimo ni vya kila mtu. Atafutaye huandika jina la nyota au anwani yake, na upana wa duara analotaka kulichungulia. Hifadhi humjibu kwa safu za maandishi: ni chombo gani kilitazama hapo, siku gani, kwa muda gani, kwa nuru ya namna gani. Ndipo achague la kulifungua.

Wengine watasema: hao wenye darubini wamekwisha kuchuma yote, na yaliyobaki hifadhini ni makapi. La hasha. Mwaka 1998 darubini ya Hubble ilipiga picha za nyota iitwayo HR 8799. Wenye kuzitazama hawakuona la ajabu, zikawekwa. Mwaka 2008 wanajimu waliotumia darubini kubwa za hapa duniani walitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari. Mwaka uliofuata David Lafrenière, mtaalamu wa Kanada, alizirudia zile picha za zamani, akaondoa mng'ao wa nyota kwa hesabu mpya, na sayari moja ikatokea mahali pake. Ilikuwa imelala katika picha miaka 11, mbele ya macho ya kila aliyezifungua. Hakuirusha darubini, wala hakupiga picha mpya. Aliuliza swali ambalo waliomtangulia hawakuliuliza.

Na kama huyo ni mtaalamu, tuwatazame wasio wataalamu. Chombo cha SOHO kilitumwa mwaka 1995 kulichunguza jua. Picha zake ziliwekwa wazi, na watu wa nchi nyingi, wengi wao wakiwa hawana kazi ya unajimu, wakaanza kuzipekua jioni majumbani mwao wakitafuta nyota za mkia zipitazo karibu na jua. Kufikia Machi, 2024, zilikuwa zimeonekana nyota za mkia 5,000 kwa chombo hicho, na nyingi katika hizo zilionwa na wapekuzi wa namna hiyo. Walichokuwa nacho ni macho, subira, na ruhusa ya kuuliza. Cha tatu ndicho alichonyang'anywa msichana wetu hadharani.

Nalijia sasa neno la maji, kwa maana sipendi kulikwepa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika nchi ya kaskazini, na wafugaji wa Isiolo waliona mifugo yao ikianguka mmoja mmoja. Anayesema kwamba maji hutangulia hajasema uwongo. Uwongo ni kudai kwamba mtoto aulizaye habari za nyota amemwaga ndoo ya mtu. Pesa zipi zingechimba kisima kama binti yule angenyamaza? Tena kazi ya kupekua ni moja. Picha za setilaiti za Landsat, zinazoitazama ardhi badala ya mbingu, ziliachwa wazi bila malipo tangu mwaka 2008. Ndani yake mna malisho ya Isiolo yakikauka na kurudi, mwaka kwa mwaka. Aliyejifunza kuiuliza hifadhi ya nyota ataweza kuiuliza hifadhi ya majani. Aliyefundishwa kupiga makofi na kuketi hataweza lo lote kati ya hayo mawili.

Sisemi njia ni nyeupe. Mtandao ni dhaifu vijijini, umeme haufiki kila nyumba, na picha za Hubble ni nzito kwa simu ya mkononi. Lakini tazameni jinsi tunavyojificha nyuma ya shida hizi! Orodha ya Uhuru si picha. Ni mistari 339 ya majina na tarakimu, ambayo mwalimu aweza kuipiga chapa mjini Isiolo, akaikunja mfukoni, na kuifikisha Leparua kwa miguu akipenda. Baada ya hapo haihitaji umeme wala simu. Yahitaji penseli, rula na karatasi ya miraba.

Wala wazee wa nchi ile hawatashangaa. Wataalamu wa kalenda wa Kiborana, waitwao ayyaantu, huhesabu miezi kwa kutazama mwezi unavyokutana na nyota walizoziteua, ikiwamo Kilimia, ambayo wao huiita Busan. Na hesabu hiyo yote huihifadhi kichwani. Sitaki kupamba: hawakuijua eksirei, na anayesema tulijua yote zamani anatudanganya kama yule asemaye hatukujua kitu. Lakini kazi ya kulinganisha kilichoonwa usiku huu na kilichoonwa zamani si kazi ngeni chini ya mbingu ile.

Na mbingu ile ina sifa ambayo Baltimore haina. Leparua iko hatua chache kaskazini ya Ikweta, mbali na taa za miji mikubwa, na akaaye hapo huweza, kwa mwaka mmoja, kuziona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini. Kile chanzo cha Kantarusi kipigacho kama moyo hakichomozi kabisa katika upeo wa Baltimore. Watunzaji wa hifadhi wakitoka nje ya milango yao hawawezi hata kuonyesha kwa kidole mahali kilipo. Binti wa Leparua aweza.

Nilimpelekea orodha hiyo, karatasi chache zilizobanwa pamoja, na barua ya kuomba radhi kwa makofi yangu. Nilimshauri achore mraba, saa 24 kwa upana na digrii kwa urefu, kisha atie nukta moja kwa kila jina. Baada ya majuma matatu alinirudishia mchoro. Nukta zilikuwa zimetapakaa huku na huku, lakini nyingi zilijipanga katika mstari uliopinda kama nyoka, na karibu na saa 17 na 18, upande wa kusini, zilisongamana hata penseli ikatoboa karatasi. Pembeni alikuwa ameandika: "Mwalimu, hapa pana nini?"

Sikumwandikia jibu. Nilimwambia autie alama msongamano ule, alipo 4U 1820-30, na mwisho wa Juni, mbingu zikiwa safi, atoke nje saa sita za usiku, aelekee kusini, na kuinua macho juu zaidi ya nusu ya mbingu.